Fainali ya Uwanja Huru au ya Nyumbani na Ugenini: Ipi Ichaguliwe?

Kila klabu ya Afrika Mashariki inapokaribia fainali ya bara, mjadala uleule huibuka vijiweni na redioni: je, bingwa apatikane kwa mechi moja kwenye uwanja usio wa yeyote kati ya wawili hao, au kwa mechi mbili, moja hapa na nyingine kule? Mjadala huu hauhitaji kubaki wa kubahatisha, kwa sababu Shirikisho la Soka Afrika, CAF, limejaribu mifumo yote miwili ndani ya muda mfupi. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ilichezwa kwa mikondo miwili hadi 2019, ikawa ya mechi moja mwaka 2020, 2021 na 2022, kisha ikarudi kwenye mikondo miwili mwaka 2023. Kombe la Shirikisho, mashindano ya pili ya klabu za CAF, nalo lilipita njia hiyohiyo.

Nautaja msimamo wangu mapema ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea. Kwa fainali za klabu za CAF nachagua nyumbani na ugenini, kwa sharti kwamba kanuni ya goli la ugenini, inayompa ushindi aliyefunga mengi ugenini pale jumla ya mabao inapolingana, iondolewe. Kwa fainali za vikombe vya ndani ya nchi nachagua uwanja huru bila kusita. Ingawa machaguo haya yanaonekana kupingana, yote mawili yanatoka kwenye sababu moja: uwanja huwa huru kweli pale tu mashabiki wa pande zote mbili wanapoweza kuufikia kwa gharama na usumbufu unaokaribiana.

Uwanja wa nyumbani una thamani gani?

Anayetaka kuona nguvu ya uwanja wa nyumbani bila kuchanganyikiwa na takwimu nyingi aitazame Simba ya msimu wa 2018/19 katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Jijini Dar es Salaam iliifunga JS Saoura ya Algeria 3-0, ikaifunga Al Ahly ya Misri 1-0, na ikaifunga AS Vita ya Kongo 2-1 kwa bao la Clatous Chama dakika za mwisho kabisa. Ugenini ilifungwa 5-0 na Vita, 5-0 na Al Ahly na 2-0 na Saoura. Kwa maneno mengine, timu ileile na kocha yuleyule walipata pointi 9 kati ya 9 nyumbani na sifuri ugenini, mabao 6 kwa 1 upande mmoja na 0 kwa 12 upande wa pili. Pointi hizo 9 zilitosha kuivusha Simba hadi robo fainali, na uwanja huo wa Dar es Salaam ulipokuja kupewa jina la Benjamin Mkapa, msemo wa mashabiki wake kwamba kwa Mkapa hatoki mtu ulikuwa tayari na ushahidi ambao hakuna mpinzani aliyeweza kuubeza.

Nguvu hiyo haitokani na kelele za jukwaani peke yake. Timu ngeni husafiri saa nyingi, mara nyingi kwa kubadilisha ndege njiani, hulala kitanda kigeni, hula chakula ambacho haijakizoea, na hufanya mazoezi ya mwisho kwenye nyasi ambazo wenyeji wanazijua hadi pembe zake. TP Mazembe ni mfano mzuri kwa hili. Uwanja wake wa Kamalondo pale Lubumbashi una nyasi bandia, majukwaa yako karibu na mstari, na mpira hukimbia kwa kasi ambayo wageni huhitaji nusu ya kipindi kuizoea. Hata mwaka 2010, kabla uwanja huo haujafunguliwa, Espérance ya Tunisia ilifika Lubumbashi kwa mkondo wa kwanza wa fainali ikafungwa 5-0. Marudiano ya Radès, karibu na Tunis, yaliyoisha 1-1, yakawa kama kukamilisha ratiba tu. Mwaka 2015 Mazembe ilipotwaa tena taji hilo, Mbwana Samatta wa Tanzania alifunga katika mikondo yote miwili dhidi ya USM Alger, nao mkondo wa kumaliza kazi ulikuwa tena Lubumbashi.

Yuko pia mwamuzi. Wakati wa korona, ligi nyingi zilipocheza bila mashabiki, tafiti kadhaa zilionyesha kwamba faida ya wenyeji ilipungua, na moja ya sehemu ilikopungua ni idadi ya kadi ambazo wageni walikuwa wakionyeshwa zaidi ya wenyeji. Hii haina maana kwamba waamuzi hununuliwa. Ina maana kwamba mtu anayesikia watu 60,000 wakipiga kelele kwa pamoja huuona mgongano uleule kwa jicho tofauti kidogo, na katika fainali "kidogo" hicho kinaweza kuwa penalti.

Hata hivyo, hapa ndipo wengi wetu tunapokosea hesabu. Faida iliyo wazi katika makundi haihami yenyewe hadi kwenye fainali. Klabu za Tanzania zimefika fainali za CAF mara tatu, na hakuna hata moja iliyoshinda mkondo wake wa nyumbani. Mwaka 1993 Simba ilitoka 0-0 na Stella ya Abidjan kule Ivory Coast, ikarudi Dar es Salaam ikiwa imebakiza kazi inayoonekana nusu, ikafungwa 2-0 mbele ya watu wake. Mwaka 2023 Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger kwa Mkapa, halafu ikaenda Algiers ikashinda 1-0. Mwaka 2025 Simba ilipoteza 2-0 kule Berkane na kutoka 1-1 katika marudiano yaliyochezwa Zanzibar. Majirani zetu nao hawakuwa na bahati tofauti: SC Villa ya Uganda ilitoka 1-1 Kampala katika fainali ya 1991 baada ya kufungwa 6-2 na Club Africain kule Tunis, na hata Gor Mahia, ilipoandika historia ya 1987 kwa kutwaa Kombe la Washindi, ilitoka sare 1-1 Nairobi na kunusurika kwa sababu ya mabao mawili iliyofunga Tunis katika sare ya 2-2.

Maelezo yangu ni kwamba timu inayofika fainali kutoka kaskazini mwa Afrika imeshazoea majukwaa yenye kelele. Haiji Dar es Salaam kushinda mchezo, huja kuutuliza. Wenyeji, kwa upande wao, husukumwa na uwanja mzima washambulie tangu dakika ya kwanza, hata pale hesabu inapodai subira. Yeyote aliyekuwa kwa Mkapa siku ile ya Mei 2023 anakumbuka jinsi bao la Fiston Mayele la dakika ya 82 lilivyoinua uwanja mzima, na jinsi dakika mbili baadaye, safu ya ulinzi ikiwa bado imepanda juu, USM Alger walivyopata bao la pili. Bao hilo ndilo lililotwaa kombe. Mashabiki waliisukuma timu yao, nayo ikasukumika kupita kiasi.

Ahadi ya uwanja huru na kilichotokea

Wanaotetea mechi moja kwenye uwanja huru wana hoja nzito, na sitaki kuzipunguza. Ya kwanza ni usawa: timu zote husafiri, zote hukaa hotelini, na hakuna anayeingia uwanjani akijua kwamba bado ana dakika 90 nyingine za kusahihisha. Ya pili ni usalama na hadhi ya mashindano. Fainali ya 2019 kati ya Wydad na Espérance ndiyo iliyowafanya viongozi wa CAF waukimbie mfumo wa zamani. Baada ya 1-1 kule Morocco, Wydad walisawazisha kwenye marudiano ya Radès, bao likakataliwa, na walipotaka liangaliwe upya kwa VAR, yaani marudio ya video, wakaambiwa mitambo haifanyi kazi. Waligoma kuendelea, mchezo ukasimama kwa zaidi ya saa moja, na kesi ikaishia mbele ya Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kabla Espérance hawajathibitishwa kuwa mabingwa. Amerika Kusini ilikuwa imepitia balaa lake miezi michache kabla: basi la Boca Juniors lilishambuliwa likielekea uwanja wa River Plate, na marudiano ya Copa Libertadores ya 2018 yakahamishiwa Madrid, bara jingine kabisa. Kuanzia 2019 Libertadores nayo ikawa ya mechi moja.

Ukiangalia karatasi tu, basi, uwanja huru unashinda. Tatizo ni kilichotokea ulipotekelezwa Afrika. Katika misimu mitatu ya mechi moja, 2020 hadi 2022, zilichezwa fainali sita, tatu za Ligi ya Mabingwa na tatu za Kombe la Shirikisho. Ni tatu tu zilizochezwa kwenye nchi isiyokuwa ya yeyote kati ya wawili: Al Ahly dhidi ya Kaizer Chiefs kule Casablanca na Raja dhidi ya JS Kabylie kule Cotonou, zote mwaka 2021, na RS Berkane dhidi ya Orlando Pirates kule Uyo, Nigeria, mwaka 2022. Mwaka 2020 Al Ahly na Zamalek, wote wa Cairo, walikutana Cairo baada ya Cameroon, iliyokuwa imepangiwa fainali hiyo, kujiondoa. Mwaka huohuo Berkane waliifunga Pyramids ya Misri mjini Rabat, ndani ya nchi yao wenyewe. Na mwaka 2022 likatokea lile lililomaliza subira ya watu: Wydad walicheza fainali dhidi ya Al Ahly katika Uwanja wa Mohammed V, Casablanca, yaani pale pale wanapochezea ligi yao, wakashinda 2-0. Al Ahly walilalamika kabla ya mchezo na hawakufanikiwa. Senegal ilikuwa imeomba kuandaa, ikajiondoa, na Morocco ikabaki peke yake.

Ningependa jambo hili lizingatiwe kuliko mengine yote. Fainali ya mikondo miwili humpa kila mmoja faida ya nyumbani mara moja. Fainali ya mechi moja inapoangukia kwa mmoja wa wahusika humpa faida yote na kumnyima mwenzake hata nafasi ya kujibu. Huo ndio mfumo mbaya kuliko yote, nao ulizaliwa kutokana na jaribio la kutafuta usawa.

Mtu atauliza kwa nini Ulaya inaweza. Hata huko imetokea mwenyeji akafika fainali: Roma walipoteza kwa Liverpool kwenye uwanja wao mwaka 1984, na Bayern walipoteza kwa Chelsea mjini Munich mwaka 2012, mara zote mbili kwa mikwaju ya penalti. Lakini UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, hutangaza uwanja miaka kadhaa kabla, hivyo hakuna anayeweza kudai kwamba uwanja ulichaguliwa baada ya kujulikana nani anakaribia. Uwanja wa fainali ya 2022 ya CAF ulitangazwa mwezi Mei, nusu fainali zikiwa zimeshaanza. Bara letu lina viwanja vichache vinavyokidhi vigezo, na nchi zilizo tayari kubeba gharama ya kuandaa ni chache zaidi, na nyingi kati yake ndizo zenye klabu zinazofika fainali mara kwa mara. Kwa mazingira hayo, kujirudia kwa yaliyotokea Casablanca ni suala la muda tu.

Mashabiki ndio kipimo

Shabiki wa Liverpool anayetaka kwenda fainali Paris anaweza kupanda treni, na akikosa treni akapanda basi. Shabiki wa Yanga anayetaka kwenda fainali Rabat au Cotonou hukabiliwa kwanza na viza, kisha na tiketi ya ndege ambayo mara nyingi humpitisha Doha, Dubai, Istanbul au Addis Ababa, kisha na hoteli, na haya yote ndani ya wiki chache tangu nusu fainali ilipoisha. Anayeweza kufanya hivyo ni kiongozi, mfadhili, au shabiki aliyelipiwa safari. Aliyekaa jukwaa la mzunguko msimu mzima, akalipa kiingilio cha kila mechi kuanzia raundi ya awali, hawezi. Mikondo miwili inamhakikishia mtu huyu jambo moja: timu yake ikifika fainali, fainali itamfikia.

Ziko pia dalili za uwanja huru unakoweza kuelekea ukiachiwa biashara iuongoze. Kombe la Super la Afrika, linalowakutanisha mabingwa wawili wa bara, limeshachezwa Qatar zaidi ya mara moja, na mwaka 2023 USM Alger waliifunga Al Ahly 1-0 mjini Taif, Saudi Arabia. Mashabiki wa Kiafrika wanaofanya kazi Ghuba walifurahi, na wana haki ya kufurahi. Lakini shabiki aliyebaki Algiers au Cairo aliiona mechi ya timu yake kwenye runinga.

Sitaki kudai kwamba mfumo wa nyumbani na ugenini hauna kasoro kwa shabiki. Mwaka 2025 Simba walijiandaa kwa marudiano ya Mkapa, uwanja wa watu 60,000, na CAF ikauhamishia mchezo Uwanja wa Amaan, Zanzibar, unaochukua takribani robo ya idadi hiyo, kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea. Waliobahatika walivuka kwa boti. Joshua Mutale akafunga mapema, Amaan ikaamka, na kwa muda ilionekana bao la pili lipo njiani, hadi kadi nyekundu ya Yusuf Kagoma mwanzoni mwa kipindi cha pili ilipobadilisha kila kitu. Berkane wakasawazisha kwenye dakika za nyongeza. Siwezi kusema watu wengine 45,000 wangebadilisha matokeo. Ninachosema ni kwamba haki ya kucheza nyumbani huambatana na wajibu wa kuwa na nyumba inayokubalika, na wajibu huo ni wa wamiliki wa viwanja, wala hauponywi kwa kubadilisha mfumo wa fainali.

Kuna njia ya tatu inayofaa kutajwa. Katika NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani nchini Marekani, mtoano huamuliwa kwa mechi moja moja, na timu iliyopangwa juu zaidi kutokana na matokeo ya msimu ndiyo inayokuwa mwenyeji, isipokuwa fainali yenyewe, Super Bowl, ambayo uwanja wake hupangwa mapema. Januari 2023, baada ya mchezo wa Buffalo na Cincinnati kufutwa kutokana na mchezaji wa Buffalo, Damar Hamlin, kuanguka uwanjani baada ya moyo wake kusimama, timu zilijikuta na idadi tofauti ya mechi, na ligi ikaamua kwamba Buffalo na Kansas City wakikutana hatua ya kabla ya Super Bowl wachezee Atlanta. Cincinnati waliitoa Buffalo, kwa hiyo mchezo huo wa Atlanta haukuchezwa. Kinachonivutia ni mantiki yake: uwanja wa nyumbani ni tuzo inayofanyiwa kazi, na uwanja huru hutumika pale tu tuzo hiyo isipoweza kuhesabiwa kwa haki. Mashindano ya CAF hayana msimu mmoja wa pamoja unaoweza kuwapanga wahusika namna hiyo, lakini tayari washindi wa makundi hupewa marudiano nyumbani katika robo fainali, na sioni kwa nini kigezo kama hicho kisiamue nani amalizie nyumbani kwenye fainali.

Sasa kanuni ya goli la ugenini. Fainali mbili mfululizo za Kombe la Shirikisho ziliamuliwa nayo. Mwaka 2023 Yanga na USM Alger walimaliza 2-2 kwa jumla, na kombe likaenda Algiers kwa sababu Waarabu walifunga mawili Dar es Salaam na Yanga wakafunga moja kule. Mwaka 2024 Berkane na Zamalek nao walimaliza 2-2, na kombe likaenda Cairo kwa bao moja la Zamalek kule Berkane. UEFA iliifuta kanuni hii mwaka 2021. Inawafanya wenyeji waogope kushambulia, na kwenye fainali inamtangaza bingwa kati ya timu mbili ambazo hesabu inaonyesha zimelingana. Dakika 30 za nyongeza, na penalti zikilazimu, ni za haki zaidi. Bila marekebisho haya utetezi wangu wa mikondo miwili unabaki na tundu kubwa, na nakiri kwamba anayechagua uwanja huru kwa sababu hii ana hoja.

Ndani ya nchi mambo hugeuka

Kombe la Shirikisho la Tanzania limekuwa likipeleka fainali mikoani, na kwangu hilo ni miongoni mwa maamuzi bora katika soka letu. Lindi ilipata fainali ya 2019, Sumbawanga ya 2020, Arusha ya 2022, Tanga ya 2023, Zanzibar ya 2024 na 2025. Mwaka 2021 Simba na Yanga walikutana Kigoma, kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, na bao la Taddeo Lwanga likaamua. Hapa sharti la kufikika linatimia: hakuna viza, basi lipo, na shabiki anayeishi Kasulu au Uvinza, ambaye huenda hajawahi kuziona timu hizo mbili zikicheza ana kwa ana, alipata kuziona. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi Simba na Yanga wametumia Mkapa kwa pamoja, hivyo dhana ya nyumbani na ugenini kati yao imebaki ya kwenye karatasi ya mgawo wa majukwaa na mapato.

Mikondo miwili kwa fainali ya namna hii ingeongeza mechi kwenye ratiba iliyojaa, ingerudisha kila kitu Dar es Salaam, na isingempa shabiki kitu ambacho ligi haijampa tayari mara mbili kwa msimu. Kinachohitajika ni mkoa mwenyeji kutangazwa mapema, ikiwezekana kabla ya raundi ya kwanza kuchezwa, ili eneo la kuchezea litengenezwe kwa wakati, wenye mabasi na nyumba za wageni wajipange, na isitokee klabu ya mkoa huo ikafika fainali huku watu wakinong'ona kwamba uwanja ulichaguliwa kwa ajili yake.